Namfahamu Mwombaji Huyu

Kambini
2 Februari 2025

Mama,

Assalaam alaykum. Shikamoo.

Najua umenitafuta sana. Simu yangu haipatikani kwa sababu tulinyang'anywa simu siku ile ile tuliyofika, si kwamba nimepatwa na jambo. Mimi mzima. Nimekonda, nimekuwa mweusi, na nyayo zimekuwa ngumu kama kwato, lakini mzima.

Mama, sikwenda Morogoro. Ile kazi ya ujenzi niliyokuagia haikuwepo. Niko JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na tukimaliza mafunzo watachagua watakaoingia jeshini moja kwa moja. Nakimbia vizuri. Kwenye shabaha niko wa tatu katika kombania yetu. Afande mmoja aliniambia mbele ya wenzangu, "Wewe umezaliwa kwa kazi hii." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo kwa kitu chochote.

Sasa kaa chini ndipo usome hapa. Ukinijibu, juu ya bahasha andika Mbaruku Masudi. Usiandike Rahimu. Walitaka cheti cha kidato cha nne, na mimi unajua niliishia cha pili. Cheti cha kaka kilikuwa kwenye sanduku lako chini ya kanga, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Nilivichukua mwaka jana. Hata kitambulisho cha taifa nilijiandikishia kwa jina lake, vidole nilivyobonyeza pale ni vyangu. Karatasi zile zilikuwa zimelala tu, Mama. Kaka mwenyewe alitaka uaskari tangu mdogo, mwili ndio ukamkatalia. Mimi mwili ninao.

Majirani waendelee kujua kwamba Rahimu yuko Morogoro. Usilie.

Mwanao,
Mbaruku Masudi


Majengo, Dodoma
19 Februari 2025

Mwanangu Rahimu,

Waalaykum salaam. Marahaba.

Barua yako ilipita kwenye sanduku la posta la Mzee Uwesu wa duka la nafaka. Alinipa mbele ya wateja, "Mama Mbaruku, una barua." Nikaifungua pale pale. Sikuanza juu, macho yalikwenda chini kwenye jina. Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo sikufikiri kuwa ni wewe. Nililiona jina lile limeandikwa kwa kalamu mpya, na moyo wangu ukaruka. Halafu nikakumbuka. Nilikaa juu ya gunia la mtama, wakanipepea kwa kipande cha boksi, nikasema ni presha.

Rahimu, wewe ndiye uliyerudi kutoka makaburini na udongo kwenye magoti ukaniambia, "Mama, tumemlaza vizuri." Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mimi sikuliona kaburi siku ile, niliyaona magoti yako. Leo unaniambia nimwandikie barua.

Mtaa mzima unaniita Mama Mbaruku. Tangu afe hawakuacha, na mimi sikuwakataza, kwa kuwa ndicho kitu chake pekee ambacho bado kinatajwa kila siku. Sasa na hicho umekichukua.

Nenda kwa mkubwa wako, mweleze. Sema ulikuwa mtoto, umekosa. Rudi nyumbani. Kazi ya kushusha magunia si aibu, ulikuwa unaifanya.

Bahasha nimemwomba binti wa posta aiandike. Mkono wangu ulikataa.

Mama yako,
Joha


Kambini
11 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Idi njema iliyopita. Tulichinjiwa mbuzi huku, nikala na Castory ingawa yeye ni Mkristo. Ndiye rafiki yangu hapa, kwao ni Kongwa. Barua hii nampa yeye aitie posta, anakwenda mjini hospitali kutazamwa jino.

Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu barua yako ilinitia hofu. Ndani umeniandikia Rahimu. Nilikuwa naisoma kitandani, Castory akaliona, akauliza, "Rahimu ndiyo nani?" Nikasema ni mdogo wangu. Akauliza, "Yuko wapi?" Nikasema alifariki. Akanipa mkono wa pole, na jioni akaniachia nyama yake. Tafadhali usiniandikie tena jina hilo.

Sasa lililopo ni hili. Wametupa fomu za taarifa binafsi kwa wanaotaka kuendelea na jeshi. Ni kurasa nyingi. Wanauliza ulizaliwa wapi, na nani, ulisoma wapi, nani anakufahamu. Kuna mahali pameandikwa: taja ndugu zako wote wa tumbo moja, walio hai na waliofariki. Nilikaa na kalamu hapo mpaka karani akaniuliza kama sijui kuandika. Nikaandika: Rahimu Masudi, amefariki, 2021. Nimejiandika mwenyewe, Mama.

Wanataka pia wadhamini wawili wasiokuwa ndugu. Mmoja nimemweka imamu aliyetufundisha Kurani chuoni, huyo alihama Majengo zamani na hajui kutofautisha nani ni nani kati yetu. Wa pili lazima awe mwalimu. Nimemweka Mwalimu Wambura aliyekuwa akimpenda sana kaka, kwa sababu alihamia Kongwa kabla ya msiba. Nadhani hakupata habari. Fomu yake imetumwa. Akikuuliza kitu, mjibu vizuri. Na wakija watu kuuliza mtaani, zungumza nao wewe kabla hawajafika kwa Bi Shamimu, yule mdomo wake unaujua.

Ni hapo tu, Mama. Nikipita hapo, nimevuka. Sitakuomba kitu kingine maishani.

Mwanao


Kongwa
29 Juni 2025

Kwako Mama Mbaruku,

Habari za siku nyingi? Ni mimi Mwalimu Wambura, niliyemfundisha mwanao Hisabati kidato cha tatu na cha nne. Natumaini hujanisahau. Namba zako zilipotea na simu yangu ya zamani, kwa hiyo naandika kwa anwani niliyoikuta kwenye fomu.

Mama, sijui nianzie wapi. Nimeletewa fomu ya jeshi nithibitishe kwamba namfahamu Mbaruku Masudi. Nilipolisoma jina nilisimama. Mwaka 2021, nikiwa mgeni huku Kongwa, mwanafunzi mmoja wa zamani alinipigia akasema Mbaruku amefariki. Nilishindwa kuja kuzika. Nilijiambia nitakuja likizo. Likizo ikapita, na ya pili, na kadiri muda ulivyokwenda ndivyo nilivyoona aibu kuja. Nimelibeba jambo hilo miaka minne. Mtoto niliyekuwa nikimpakia kwenye pikipiki yangu kumkimbiza hospitali maumivu ya mifupa yakimshika, nikashindwa hata kuja kuwapa pole.

Na kumbe yuko hai! Nimeitazama picha iliyobandikwa juu ya fomu. Amejaza mashavu, kifua kimepanuka, ugonjwa umemwacha kabisa. Mwandiko nao umebadilika, nikasema moyoni ni mkono uliozoea bunduki sasa. Nilicheka peke yangu ofisini, wenzangu wakauliza kuna nini. Sikutaja habari ya ugonjwa kwenye fomu, maana daktari wao amempima na kumkuta mzima. Niliandika: "Namfahamu mwombaji huyu kwa miaka saba. Ni mkweli kuliko wanafunzi wote niliopata kuwafundisha." Nikatia sahihi siku ile ile.

Naomba uniambie tu, ile habari ya msiba ilitoka wapi? Na yule mdogo wake, aliyekuwa akimletea uji shuleni akiwa hajiwezi, hajambo? Naye atakuwa kijana mkubwa sasa.

Wako,
Mwl. Thomas Wambura


Majengo, Dodoma
8 Julai 2025

Mwalimu Wambura,

Assalaam alaykum. Nimepokea barua yako, nimeisoma na kuirudia. Ahsante kwa kumkumbuka mwanangu hivyo. Hapa mtaani watu wanamtaja, lakini hakuna anayemkumbuka kwa Hisabati.

Mbaruku ni mzima, alhamdulillahi. Ugonjwa ulimwachia alipokua. Anakula vizuri. Ana marafiki. Wakubwa wake wanampenda.

Msiba ulikuwepo kweli, Mwalimu. Waliokupigia walichanganya majina. Aliyefariki ni mdogo wake, Rahimu. Aliugua ghafla.

Usijione mkosaji kwa kutokuja. Yamepita, Mungu ameshapanga. Hakuna haja ya kusumbuka.

Joha Salehe
(Mama Mbaruku)


Majengo, Dodoma
9 Julai 2025

Mwanangu,

Nimefanya ulilotaka. Mwalimu aliniuliza, na alikwisha kusikia habari za msiba, kwa hiyo ilinibidi nimpe maiti. Nikampa wewe.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipoandika kuwa Mbaruku ni mzima, kalamu ilikwenda yenyewe. Nikaongeza kwamba anakula vizuri. Nikaongeza ana marafiki. Hakuna aliyeniuliza hayo. Nilikuwa naandika huku natabasamu, kama mwendawazimu, na kwa muda wa mistari minne mwanangu alikuwa hai na mimi ni mama yake. Kisha nikafika kwenye jina lako.

Karatasi ya kwanza niliichana. Mtoto mzima, anayepumua, nimemwandika marehemu kwa mkono wangu mwenyewe. Mama yangu alikuwa hata ukiota mtoto amekufa hakuruhusu ulisimulie, anakwambia nenda ukalitemee mate shimoni. Mimi nimeliandika nikalipeleka posta.

Barua nimeitoa jana. Leo asubuhi nilirudi pale dirishani kuuliza kama naweza kurudishiwa. Binti akasema gari la Kongwa limeshaondoka.

Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Bado kuna njia ya kurudi? Uwaambie mwenyewe, kabla hawajajua? Nimesikia anayejisema mwenyewe huonewa huruma. Mimi nitakuja niseme na mimi. Nitapiga magoti.

Usinijibu kwa haraka.

Mama


Kambini
27 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Nimepita!

Jana wamesoma majina ya waliovuka hatua ya kwanza, na mimi nimo. Castory pia. Tuliruka mpaka afande akaturusha kichura kwa kelele. Imebaki wao kwenda kuwauliza wadhamini ana kwa ana, ni utaratibu tu, wanafanya kwa wote. Imamu wameshamalizana naye. Mwalimu Wambura kaandika maneno mazuri sana, karani alinidokeza. Eti "mkweli kuliko wote". Nilijisikia vibaya kidogo, halafu nikajiambia ni kweli, kaka alikuwa mkweli, na mimi nitakuwa hivyo hivyo kuanzia sasa.

Nimesoma yote uliyoandika. Mama, kurudi hakupo. Nikijisema nitafukuzwa, na baada ya hapo nitakuwa nani? Rahimu hana karatasi hata moja ya serikali. Hana cheti, hana namba, cheti cha kuzaliwa hamkumkatia. Huyu mwingine ana kila kitu. Nikivaa zile nguo rasmi nitakuja kukuchukua tuhamie kambi yoyote watakayonipanga, mahali ambapo hakuna anayetujua. Utaendelea kuitwa Mama Mbaruku, na mtu atakayekuita hivyo ataniangalia mimi, na hutakuwa unadanganya.

Vumilia kidogo tu. Wiki chache.

Mwanao


Kongwa
5 Agosti 2025

Kwa Bi Joha Salehe,

Salaam.

Jumamosi iliyopita, tarehe mbili, nilikuja Majengo. Sikukwambia kwa kuwa nilitaka kuja kwa heshima ya msiba, kama nilivyotakiwa kufanya miaka minne iliyopita. Uliniandikia nisisumbuke, lakini sikuweza kukaa hivyo tena. Nilichukua karanga kidogo za huku, nikapanda basi la asubuhi.

Sokoni nikauliza nyumbani kwa Mama Mbaruku. Mama mmoja muuza dagaa, Bi Shamimu, akaniambia umekwenda Zuzu kwenye arusi, utarudi jioni. Akaniuliza nina shida gani. Nikasema nimekuja kutoa pole ya marehemu Rahimu.

Akashtuka. "Rahimu gani? Rahimu wetu?"

"Mdogo wake Mbaruku," nikasema. "Aliyefariki 2021."

"Baba, tema mate chini! Rahimu mzima, yuko Morogoro anajenga. Mimi mwenyewe nimemuaga. Aliyekufa ni Mbaruku, yule aliyekuwa mgonjwa mgonjwa. Nani kakuambia hayo?"

Sikumtaja mtu. Akaniona nimesimama tu, akamwachia mwenzake meza yake, akanipeleka mpaka makaburini. Nimekiona kibao. Mbaruku Masudi, 14 Mei 2021. Kimepakwa rangi upya hivi karibuni. Nilimwombea kwa namna ninayoijua mimi. Kisha nikazigawa zile karanga kwa wanaosoma dua pale mlangoni, nikaenda stendi.

Bi Joha, nimefundisha miaka ishirini na minane. Nimewahi kudanganywa na wanafunzi, na wazazi, sijawahi kukasirika nikakaa na hasira siku tatu. Si kwa sababu ya fomu tu, ingawa fomu nimeitia sahihi kwa kiapo. Ni kwa kuwa ulinirudishia yule mtoto. Ulinirudishia, nikafurahi naye mwezi mzima, nikawasimulia watoto wangu. Sasa nimemzika mara ya pili.

Naomba unieleze kijana aliye kambini ni nani, ingawa nadhani ninajua.

T. Wambura


Majengo, Dodoma
9 Agosti 2025

Mwalimu wangu,

Nakuandikia nikiwa nimeinamisha kichwa. Yote uliyoyaona ni kweli. Aliye kambini ni Rahimu, yule wa uji.

Sikumtuma. Nilijua akiwa ameshaingia. Nilimkataza, akanijibu kwamba amechelewa kurudi. Ningefanya nini, Mwalimu? Nimzike na huyu? Ninao wawili tu Mungu aliowahi kunipa, mmoja yuko kwenye udongo ulioukanyaga juzi.

Ni kweli hakusoma. Aliacha shule kidato cha pili ili abaki na kaka yake hospitali wakati mimi niko sokoni. Hilo halikuandikwa kwenye cheti chochote. Alimsafisha, akamgeuza, akamlisha, mpaka siku ile. Kama wanatafuta askari, Mwalimu, ni yule.

Sikuombi useme uongo. Nakuomba unyamaze tu. Umeshatia sahihi, iache ilivyo. Usiwatafute. Ukikutana na Mungu ukaulizwa, mwambie ni Joha wa Majengo aliyekufunga mdomo, nitajibu mimi.

Joha


Kongwa
26 Agosti 2025

Mama,

Nilikusudia kunyamaza. Nataka ulijue hilo kwanza. Barua yako niliisoma mara nyingi, na ule mstari wa shule aliyoiacha ulinishinda. Nikasema, iache ilivyo. Nikanyamaza siku tisa.

Siku ya kumi, juzi Jumapili, wakaja watu wawili nyumbani kwangu. Wastaarabu kabisa, mmoja alinipa shikamoo. Wakatoa fomu yangu na picha. Yule mkubwa akauliza, "Mwalimu, huyu ndiye Mbaruku Masudi uliyemfundisha?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nililifanyia mazoezi. Ilikuwa nitamke "Ndiyo", neno moja. Nikaitazama ile picha, nikaona kile kibao, na neno likakwama. Sikusema hapana, Mama. Nilinyamaza. Nilinyamaza kama ulivyoniomba, na kunyamaza kwangu ndiko kukawatosha. Yule mdogo akafunga kalamu yake. Yule mkubwa akaniambia polepole, "Tuanze upya, Mwalimu."

Wakaniuliza nilijuaje, na tangu lini, na kwa nini sikuwapa taarifa. Nikaona ninavyoanza kuwa mshtakiwa mwenyewe. Nina watoto wanne na mwaka kesho kutwa nastaafu. Nikawapa barua yako. Si ile ya kuniomba ninyamaze, hiyo nimeichoma. Niliwapa ile ya Julai, yenye maneno kwamba Rahimu amefariki, ili waone kwamba na mimi nilidanganywa. Wameichukua.

Sikutafuti msamaha, sijui hata ningeuombaje. Nimekuandikia ili kama kuna njia ya kumfikia kijana kabla yao, uifanye leo.

Thomas Wambura


Majengo, Dodoma
30 Agosti 2025

Mwanangu,

Wamejua. Mwalimu hakuweza. Usimlaani.

Wakikuita, usingoje waulize mara mbili. Sema kila kitu, useme ni mimi niliyekutuma. Sema mama ndiye aliyekutolea vyeti sandukuni kwa mkono wake. Mimi nitakubali. Ni mwanamke mzima, watanifanya nini. Naanza safari Jumatatu, nitakuja mpaka getini. Nimemwambia Mzee Uwesu dukani sitakuwepo.

Ile barua niliyomwandikia Mwalimu wanayo. Wakikuonyesha, mwanangu, usiisome. Geuza uso. Nakuomba usiisome.

Mama


Majengo, Dodoma
2 Oktoba 2025

Mwalimu,

Nimekuandikia kwa kuwa sina mwingine wa kumwandikia ambaye anajua.

Nilifika kule getini tarehe mbili mwezi uliopita. Nilisema tu mimi ni mama wa yule kijana wa vyeti, wakaniweka kwenye kivuli, wakanipa maji. Kijana wa zamu alipokwenda kuuliza alirudi na mkubwa wake, akaniambia mwanangu ametoroka siku moja kabla, na kwamba nikimwona nimshauri ajisalimishe. Akataka nitaje jina la niliyemfuata, waandike kwenye daftari la wageni. Mwalimu, sikuweza kutaja hata moja. Niliondoka bila kuandikwa.

Barua yangu ya mwisho kwake imerudi jana, haijafunguliwa.

Polisi walikuja hapa, nikatoa maelezo yote ya kweli, na mtaa mzima sasa unajua. Shamimu analia kila akiniona, anadhani ni kosa lake. Watoto wamekatazwa kuniita Mama Mbaruku. Hawajui waniite nani, wananipita tu.

Kama amekuja kwako Kongwa, hata kwa ubaya, hata kukutukana, naomba uniambie.

Joha


3 Desemba 2025

Mama,

Shikamoo.

Sitasema niko wapi. Ni machimboni, mbali, na barua hii ataitia posta dereva wa lori katika mji mwingine kabisa, kwa hiyo usiuangalie mhuri.

Waliniita ofisini asubuhi. Hawakunipiga, hawakunitukana, uwaambie watakaokuuliza. Walikuwa wawili. Mmoja akaniuliza, "Unaitwa nani?" Nikasema Mbaruku. Akaandika. Akauliza, "Na Rahimu ni nani?" Nikasema mdogo wangu, marehemu. Akauliza, "Nani anaweza kuthibitisha kwamba amekufa?" Mimi nikasema, mama yangu.

Akatoa barua yako akaisoma kwa sauti. Alisoma polepole kama mtu anayesoma redioni. "Aliyefariki ni mdogo wake, Rahimu. Aliugua ghafla." Halafu akaiweka mezani, akaniangalia. Nadhani alikuwa ananipa nafasi ya kusema.

Nilikuagiza mimi, Mama. Najua nilikuagiza mimi, na nilifurahi ulipofanya. Ila sikuwahi kuyasikia. "Yamepita, Mungu ameshapanga. Hakuna haja ya kusumbuka." Nililia mbele yao kama mtoto. Wakadhani nalilia kazi. Nikasema, "Mimi ndiye Rahimu." Yule mwingine akasema, "Leta chochote kinachoonyesha hivyo." Nilijipapasa mifuko, Mama. Nilijipapasa kweli, kama mjinga.

Wakaniambia nisubiri nje gari litafutwe nipelekwe polisi. Castory alikuwa anapita na wenzake wa kuchota maji. Nilitaka kumweleza. Akanitazama, nikajua ameshasikia. Akasema, "Nilikupa pole," basi, akaendelea na ndoo zake. Nilichukua ndoo nikatoka nao. Kutoka kisimani sikurudi tena kambini.

Hapa naitwa Thomas. Ndilo jina la kwanza lililonijia waliponiuliza, sijui kwa nini lilikuwa la Mwalimu. Hawataki fomu, hawataki mdhamini. Kwenye shimo tunashuka wanne, na kama kamba ikikatika hawatahitaji kuandika kitu. Ijumaa wenzangu Waislamu wakienda kuswali nabaki, kwa sababu Thomas haendi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Usinitafute. Ukinipata, sheria itabidi inipate na wewe uwe shahidi tena, na umeshatoa ushahidi wa kutosha. Usimchukie Mwalimu. Nenda kwa kaka umwambie jina lake halikufika mbali, nimeliachia kambini, aniwie radhi.

Na usingoje siku ya kuja mtu kukwambia nimekufa, maana hatakuja. Hakuna atakayejua aje kwa nani.

Mwanao